Hoteli ya Kumketisha Vumilia

Kila aliyekuja kwangu kutafuta hoteli alianza na nyota. "Mama Dafroza, nataka ya nyota tano." Hajakaa, hajaniambia hata anakwenda mji gani. Nilikuwa namwambia avue koti kwanza, maana nyota hazitoroki, halafu namuuliza swali lililowaudhi wengi kidogo: unakwenda na nani, na huyo mtu akichoka anakuwaje?

Nawaandikia ninyi vijana wetu wa hapa Buffalo, na wa Louisville na Columbus, kwa sababu naona wachache wenu mmeanza kuifanya kazi hii kwa simu. Mnawapangia watu safari zao fupi za Ulaya, siku chache Paris, siku chache Roma, huku mmekaa juu ya makatoni saa ya mapumziko ghalani. Mmeniomba niwape siri. Siri sina. Nina magoti mabovu na mambo kadhaa niliyojifunza, mengine kwa kuumbuka. Najua baadhi yenu mtasoma mistari miwili kisha mumwite mama awasomee, na mtamjibu kwa Kiingereza. Haidhuru, mradi mfike mwisho.

Mimi ni Mrundi niliyekulia Tanzania, kambini. Kiswahili changu ni cha huko, na ndiyo maana Wakongomani wa hapa hunicheka kwamba naongea kama redio. Kifaransa nilikipata kwa masista waliokuwa wakiendesha zahanati ya kambi, nikiwashikia mabeseni na kuwaita wagonjwa. Sikujua kwamba Kifaransa kile kingekuja kunilisha Marekani.

Lakini kwanza nililishwa na shuka. Tulipofika Louisville tulipewa nyumba mtaa wa Iroquois, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya vyumba, kwenye hoteli moja katikati ya mji. Kutandika, kusugua, kusukuma toroli lenye gurudumu moja kaidi. Wengi wanadhani kazi ile haifundishi kitu. Kwa kweli ilinifundisha kukisoma chumba. Godoro bovu unalijua kwa goti, pale unapolipandia kuivuta shuka upande wa ukutani. Ukikuta pazia jipya juu ya zulia kuukuu, jua mwenye hoteli alinunua kile kitakachopigwa picha, akakiacha kile kitakachokanyagwa. Na ukiona taa nzuri ya kusomea ambayo swichi yake iko upande wa pili wa chumba, jua aliyeiweka hakuwahi kulala humo hata mara moja.

Baadaye binti yangu mdogo alipata kazi Columbus, nami nikamfuata. Huko ndiko nilikokutana na Bi Lorene.

Bi Lorene alikuwa Mmarekani mwenye ofisi ndogo ya safari, kati ya duka la kucha na bucha la halali. Wateja wake walikuwa wazee wenzake, watu waliostaafu na kutaka kuiona Ulaya kabla miguu haijakataa. Alitafuta mtu wa kupiga simu kwa Kifaransa, na mpwa wangu aliyekuwa akisali naye akanitaja. Siku ya kwanza hakunipa simu. Alinipa picha za hoteli moja ya Vienna, akasema, "Niambie nini hakipo."

Nikamwambia naona kitanda, naona maua, naona kioo kikubwa.

"Hivyo vipo. Nimekuuliza kisichokuwepo."

Niliziangalia mpaka macho yakaniuma. Mwishowe nikasema, "Dirisha." Kulikuwa na pazia tele, lakini hakuna picha hata moja iliyoonyesha nje.

Bi Lorene akapiga meza kwa furaha. Dirisha lile, alisema, lilitazama ukuta wa jirani, na yeye alikuwa amewapeleka humo bibi na bwana waliorudi wakisema Vienna ni mji wa matofali. Tangu siku ile, picha yoyote ya hoteli naiangalia kwa kutafuta pengo. Wakikuonyesha sinki tu, bafu ni dogo. Wakipiga picha ya kitanda kutoka kona ya mlango, mpiga picha hakuwa na pa kusimama. Na hoteli yenye picha nyingi za baa kuliko za vyumba inakuambia yenyewe mahali usiku wako utakapoishia.

Zile hoteli ndogo za kifahari, zile wanazoziita butiki, zina mtego wake. Hoteli kubwa ya nyota tano vyumba vyake vinafanana, hivyo ukijua kimoja umevijua vyote. Butiki mara nyingi ilikuwa nyumba ya mtu, au shule, au ghala la vitambaa, na kila chumba kina tabia yake. Kimoja kina dari refu na jua, kingine kiko chini ya paa na mgeni mrefu anaoga ameinama. Kwa hiyo usiulize tu aina ya chumba. Piga simu, uliza chumba chenyewe, kiko wapi na kinatazama nini. Piga saa ambayo hawana pilikapilika, na sikiliza anavyopokea. Anayekujibu kama umemkatiza chakula atamjibu mteja wako hivyo hivyo mlangoni. Uliza habari ya lifti, maana Ulaya kuna lifti zinazoingia mtu mmoja na begi lake, na begi likiwa nene basi mmojawapo anabaki. Kumbukeni pia kwamba orofa ya kwanza kwao ni ya pili kwetu huku Marekani. Mtu mwenye goti bovu ataikumbuka tofauti hiyo kuliko makumbusho yote uliyompangia.

Na uliza kama bafu lina mlango. Msicheke.

Kulikuwa na mchungaji wa Louisville, mtu mpole sana, tuliyefahamiana tangu Iroquois. Watoto wake walichanga wampeleke Paris pamoja na mkewe, kusherehekea ndoa yao, nami nikawachagulia hoteli nzuri, mpya, nyeupe, yenye mwanga. Picha zake nilizichunguza kama nilivyofundishwa. Dirisha lilikuwepo, viti vilikuwepo. Walipofika, simu yangu ikalia.

"Mama Dafroza," mchungaji akasema kwa sauti ya chini, "hii nyumba haina choo."

"Choo kipo, Mchungaji. Nimekiona."

"Kipo, ndiyo. Lakini kiko kama kabati la maandazi."

Ukuta mzima wa bafu ulikuwa kioo. Kwenye picha kile kioo kilikuwa safi mno, nikadhani ni hewa. Nyuma ya mchungaji nilimsikia mama mchungaji akisema kwa Kirundi kwamba yeye hajafika Ulaya kuja kuogeshwa kama gari. Nilipiga simu mapokezi, wakaniambia hiyo ndiyo fahari ya hoteli yao, wageni wanaipenda. Chumba kingine hakikuwepo. Mpaka siku ya kurudi, mmoja akiingia bafuni mwenzake alishuka chini kusoma gazeti asilolielewa. Mchungaji aliniambia baadaye kwamba Kifaransa chake kimeongezeka.

Tulicheka, lakini jambo lile lilinikaa. Hoteli ilikuwa nzuri kweli, haikuwa na kosa. Iliwafaa watu wengine. Bi Lorene aliposikia hakunigombeza, alisema tu kwamba nilikuwa nimechagua vizuri kwa ajili ya hoteli. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimeichunguza hoteli, sikuwachunguza wageni.

Alipozeeka ofisi ikafungwa. Nikahamia huku North Buffalo kwa binti yangu mkubwa, nikaendelea kidogo kidogo nikiwa jikoni, na kompyuta yangu kando ya sufuria. Wateja wakawa watu wetu zaidi, waliopata pasi za Marekani na kuanza kwenda kuwaona ndugu waliotupwa Ulaya na safari zile zile za ukimbizi. Kazi za kuhangaika kweli zilikuwa hizo, kwa sababu mtu wetu akisema anakwenda Ulaya hatafuti makumbusho.

Mwaka wa mwisho wa kazi yangu alikuja Esperance.

Ni Mkongomani wa upande wa Fizi, mama wa makamo anayehudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea hapa mjini. Wengine wenu mnamjua kwa sauti yake kanisani. Alikuja Jumamosi moja ya theluji, akakung'uta viatu, na yeye pia akaanza na nyota.

"Mama Dafro, natafuta hoteli ya Bruxelles. Ya muzuri sana. Ile ya mapatroni, ya mabosi."

Nikamwambia avue koti. Nikamuuliza anakwenda na nani.

"Nitakuwa na yaya yangu. Vumilia."

Wakongomani wakisema yaya wanamaanisha dada mkubwa, na huyu Vumilia nilikuwa nimemsikia. Mama yao alikufa Esperance angali mdogo, na dada ndiye aliyemlea, akambeba wakati wa kukimbia, akamsomesha kambini kwa kuuza mihogo. Halafu Vumilia akaolewa na mtu aliyempeleka Ubelgiji, na Esperance akaletwa Marekani. Walikuwa hawajaonana tangu Esperance hajazaa mtoto wa kwanza, na sasa mtoto huyo ana ndevu.

"Lakini dada yako si anakaa huko huko Brussels?" nikauliza. "Ana nyumba?"

"Iko na nyumba."

"Sasa hoteli ya nini?"

Akaangalia mikono yake. Kumbe swali lile alikuwa ameshaulizwa na kila mtu. Kanisani walimwambia anajivuna. Jirani yake alimwambia kwamba kwenda kwa ndugu yako halafu ukalale hoteli ni kama kumtemea mate.

"Bon, iko hivi," akasema. "Niende kwake, mama, nini itatokea? Atasimama. Ataamuka mbele yangu, atapika. Atafua nguo yangu. Nitasema wacha, hataacha. Siku zote atasimama jikoni, na miye nitarudi Buffalo bila kuongea naye. Yaya haikalake chini. Tangu niko mutoto, sijamuona anakula chakula ya moto." Akainua macho. "Donc, nataka fasi ambayo haina jikoni. Nataka mutu mwingine atandike kitanda, mutu mwingine alete chai. Nataka aikale chini. Njo hiyo tu."

Nilikuwa nimekaa na watu wengi mezani, wenye kutaka Mnara wa Eiffel dirishani, wenye kutaka bwawa juu ya paa. Hakuna aliyewahi kuniomba hoteli ya kumketisha mtu. Niliifunga kompyuta, nikamtengenezea chai, na tukaanza upya.

Hebu fikirieni jinsi ombi kama lile linavyoligeuza zoezi zima. Nyota hazikunisaidia. Hoteli kubwa zenye meza ndefu za chakula nilizitupa zote, kwa sababu ukimpeleka Vumilia mahali ambapo kila mtu anajipakulia, atasimama ampakulie mdogo wake, na akimaliza ataanza kukusanya sahani. Nikatafuta pale ambapo chai ya asubuhi inaletwa mezani. Vyumba vingi vya hoteli, hata vya bei ya kutisha, vina kiti kimoja tu cha starehe, kana kwamba wageni wawili watakaa kwa zamu. Nikatafuta chenye viti viwili vinavyotazamana. Lifti ilihitajika, maana Vumilia alikuwa na mguu unaomsumbua. Vitanda viwili vya kweli, si kimoja kilichogawanywa kwa shuka. Na mlango wa bafu, bila shaka.

Nikaipata nyumba moja isiyo kubwa, karibu na bustani, mtaa usio na baa. Nikapiga simu. Aliyepokea alikuwa bwana mwenye sauti nzito ya kizee. Nikamuuliza kama ni kweli chai inaletwa mezani.

"Madame," akasema, "hapa kwetu mgeni akisimama asubuhi, ni kwa sababu jengo linaungua."

Nikamwambia yeye ndiye niliyekuwa nikimtafuta, na tukaweka chumba.

Esperance alifurahi mpaka akaimba. Akampigia dada yake siku hiyo hiyo. Siku ya pili alirudi kwangu, na hakuwa yule wa jana.

Vumilia alikuwa amekasirika kwanza, kama tulivyotarajia. Nyumba anayo, kitanda cha mgeni anacho, watu watasema amemfukuza mtoto aliyemlea. Esperance akamweleza kwamba hoteli ni ya wote wawili. Dada akauliza hoteli gani. Esperance akataja jina. Vumilia akasema tu, "Hapana," na simu ikakatika.

"Nimemukosea nini?" Esperance aliniuliza. Alikuwa akilia bila kujificha, kama watoto wanavyolia. "Mama, mupigie weye. Pengine weye atakusikiliza."

Tukapiga pamoja, simu ikiwa katikati ya meza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini na ya heshima, ya mtu aliyezoea kuongea asisikike.

"Jambo, mama," Vumilia akasema. "Samahani kwa usumbufu. Mulifanya kazi muzuri. Lakini ile nyumba miye naijua."

"Unaijua vipi, mdogo wangu?"

"Naisugua."

Esperance akaziba mdomo. Alijua dada yake anafanya kazi ya usafi, lakini siku zote Vumilia alikuwa amemwambia ni maofisi. Sasa akaeleza. Kampuni yao inawatuma huku na huku, wiki hii hoteli hii, wiki ijayo ile. "Ukitafuta katikati ya muji hoteli ambayo sijafanya vyumba, utatoka mpaka mashambani."

Nikamuuliza lile ambalo mtu wa vyumba humuuliza mwenziwe. "Na mnakula wapi pale?"

Nadhani hakutegemea swali hilo. "Pale? Pale tunakula kwenye meza. Patroni anatuita kwa majina yetu. Kuna ingine ya marumaru karibu na gare ya treni, kule tunakula kwenye ngazi, tumesimama." Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini siwezi, mama. Nani atakuja kupanguza bafu yangu? Ni Fatu, mwenzangu wa kazi. Fatu mugongo wake ni mubaya kupita wangu. Nitalala kwenye mito namuangalia anainama?"

Esperance alitaka kusema kitu, nikamzuia kwa mkono. Mwanamke yule hakuwa na kiburi wala aibu ya kipuuzi. Alikuwa akimwonea huruma mwenzake, na mtu akikataa kwa sababu ya huruma huwezi kumshinda kwa maneno matamu. Nikamweleza tu lililotokea Louisville.

Tulikuwa na mwenzetu, Mbosnia, mama mkubwa kuliko sisi sote, aliyekuwa akitufundisha kukunja kona za shuka. Alipostaafu, meneja alimpa chumba cha juu alale na mumewe, kama zawadi. Asubuhi ile tulipogawiwa vyumba, nusura tupigane. Kila mmoja alikitaka chumba kile. Mwishowe tuliingia wote, mmoja akashika foronya, mwingine taulo, na mimi nikapewa kioo. Hakuna aliyeona anamtumikia. Tulikuwa tumetafuta miaka yote namna ya kumshukuru, na hatukuwa na kitu kingine tunachokijua vizuri kuliko kile.

"Aliwaachia muingie?" Vumilia akauliza.

"Alikuwa ameshatandika," nikasema. "Tukakivuruga, tukatandika upya."

Nikasikia kitu kama kicheko, au pumzi. Nikamwambia kwamba naweza kumtafutia hoteli nje ya mji, isiyomjua, na mdogo wake asingevunjika moyo. Uamuzi ni wake. Akasema, "Nitafikiri," akaniaga kwa adabu.

Wiki ile ilikuwa ngumu kwa Esperance. Alikuwa akinipigia kutoka kazini, akiwa bafuni na wazee wake, kuniuliza kama nimesikia lolote. Aliogopa kwamba amemvua dada yake nguo mbele ya mgeni, na kwamba safari nzima imeharibika. Nilianza hata kuangalia nyumba za wageni za vijijini. Halafu ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, mfupi.

"Mama, ni Vumilia. Pale pale. Lakini si chumba ya upande wa bustani, chini yake kuna mashini ya jikoni. Omba ya juu, ya kona. Asubuhi jua inachelewa kufika."

Nikabadilisha chumba. Yule bwana wa mapokezi aliniuliza nani aliyenishauri vizuri hivyo, nikamwambia mtu anayeifahamu nyumba yake.

Esperance akaenda. Mimi nilibaki hapa na theluji na wasiwasi, maana kazi yetu ina adha hiyo: unampeleka mtu mpaka mlangoni, na yatakayotokea ndani huyajui mpaka arudi. Hakunipigia hata mara moja. Nilijiambia ni dalili njema, kisha nikajiambia ni dalili mbaya.

Aliporudi alikuja na chokoleti, akakaa kwenye kiti kile kile, na safari hii alivua koti mwenyewe.

Walionana uwanja wa ndege, akasema, wakashikana mpaka watu wakawazunguka na mabegi yao. Hotelini Vumilia aliingia kwa mlango wa mbele akitembea pembeni ya ukuta. Yule bwana mzee akasimama nyuma ya meza yake, akasema, "Karibu, madame," kama asemavyo kwa mgeni yeyote, na Vumilia akamjibu akitazama sakafu.

Asubuhi ya kwanza Esperance aliamka akakuta kitanda cha pili kimeshatandikwa, kona zimekunjwa kama bahasha, na dada yake yuko bafuni anapangusa bomba. Wakagombana. Waligombana kwa sauti kubwa, akasema, ugomvi wa miaka yote ambayo hawakuwa pamoja. Esperance alisema amevuka bahari, si kuja kuhudumiwa. Vumilia alisema nani amemwambia kwamba yeye anachoka, nani amempa ruhusa ya kumhurumia. Walishuka kunywa chai bila kutazamana, na chai ikaletwa, na kila sahani ilipowekwa mkono wa Vumilia uliinuka wenyewe kuisogeza.

Asubuhi ya pili mlango ukagongwa. Alikuwa Fatu, na toroli lake. Vumilia alifungua na wale wawili wakabaki wanatazamana, mmoja kwenye sare, mwingine kwenye joho jeupe la hoteli lililomfika miguuni. Vumilia akanyoosha mkono kuchukua shuka. Fatu hakuziachia.

"Leo ni zamu yangu, dada," Fatu akasema kwa Kifaransa chao. "Kaa."

Akakaa. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, kama mtu aliye kwa daktari. Fatu akaanza kutandika, akichukua muda wake. Vumilia alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akasema, "Kona hiyo imelegea."

Fatu akageuka. "Mgeni wa chumba hiki ana maneno!"

Na hapo, akasema Esperance, wote watatu walicheka mpaka Fatu akakaa kitandani alichokuwa akikitandika, na Vumilia akaegemea nyuma, kwa mara ya kwanza, mgongo wake wote ukagusa kiti. Fatu alipoondoka hakuinuka. Waliongea siku nzima, kwenye viti vile viwili, habari za mama yao, na za mume wa Vumilia aliyefariki, na za maofisi ambayo hayakuwepo.

"Na siku ya tatu?" nikauliza.

Esperance alikuwa akikunja karatasi ya chokoleti, akiikunjua.

"Siku ya tatu niliamuka, chumba iko kimya. Nikazani ametoka. Kumbe yuko palepale, kwenye kitanda. Jua iliingia, hakusikia. Saa ya chai ikapita, hakusikia. Fatu akafungua mulango kidogo, akaangalia, akafunga polepole. Miye sikuenda kula. Nilivuta kiti karibu, nikaikala." Akacheka kidogo na machozi yakamtoka pamoja na kicheko. "Mama Dafro, utoto wote nililala yeye angali anafanya kazi, na niliamuka nikamukuta ameshawasha moto. Sijaonaka yaya analala. Sikujuaka kama analala mudomo wazi."